Msing'oe dirisha la mbao kabla ya kujua maji yanaingilia wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye nyumba zenye madirisha ya zamani ya mbao, na pia na mafundi wanaoitwa kuyatazama. Ukanda wa mbao unaozunguka fremu ukianza kubabuka rangi na kulegea upande wa chini, hukumu hutolewa haraka: mbao imekwisha, ng'oa dirisha zima. Ipo hukumu ya pili, nayo naiona mbaya zaidi kwa sababu inafanana na matengenezo. Shimo linajazwa puti, linapigwa msasa, linapakwa rangi, na baada ya misimu michache ya mvua puti inatoka nzima kama jino bovu, na nyuma yake mbao imeoza kuliko mwanzo. Anayeng'oa na anayeziba wote wawili hawajauliza maji yameingilia wapi.

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Inaozeshwa na kuvu, na kuvu hiyo haikui kwenye mbao kavu. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mbao ikiwa kavu, uozo hausongi mbele. Hata ule uozo unaoacha mbao nyepesi, ya kahawia, iliyokatikakatika vipande vya mraba kama makaa, ulianza mbao ikiwa imelowa. Ndiyo maana kwenye dirisha lilelile ukanda wa juu unaweza kuwa mzima kama siku ulipopigwa randa, huku wa pembeni ukimong'onyoka sentimita kumi za chini tu. Umri wao ni mmoja, na mti ni mmoja. Kilichotofautiana ni maji.

Tazameni kwa karibu pale ukanda wa wima unapokutana na kizingiti cha dirisha. Mbao ni fungu la mirija myembamba iliyolala kwa urefu. Maji yanayotiririka usoni hupita ubavuni mwa mirija hiyo na kuingia kidogo sana. Yakifika chini, kwenye ncha iliyokatwa na msumeno, hukuta midomo ya mirija iko wazi, na mbao huyanywa kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko ubavuni. Mpaka rangi alipaka mbele na pembeni, lakini brashi haikufika chini ya ncha kwa sababu ukanda ulikuwa umeshapigiliwa na kukaa juu ya kizingiti. Basi maji hupanda kupitia ncha, na ile rangi nzuri ya mbele inayazuia yasitoke. Dalili ya kwanza si uozo. Ni malengelenge ya rangi, sentimita chache juu ya kizingiti, na mstari wa weusi kwenye kiungo. Anayeyaona malengelenge hayo na kuyakwangua tu ili apake upya amepoteza rangi yake.

Njia ya pili ya maji iko chini ya kizingiti, mahali ambapo watu wachache huinama kutazama. Tone la maji likifika ukingo wa mbele wa kizingiti halidondoki lote moja kwa moja. Hushikamana na mbao na kutambaa chini yake kurudi ukutani. Seremala wa zamani alijua hilo, akachimba kijifereji chembamba chini ya kizingiti, karibu na ukingo wa mbele. Tone likifika kwenye kijifereji haliwezi kuendelea, linaanguka. Kila aliyepaka rangi akaongeza tabaka, na baada ya miaka mingi kijifereji kimejaa rangi na utando wa buibui, hakionekani tena. Kipitisheni kidole. Mkikikuta kimeziba, kikwanguliwe kwa patasi nyembamba mpaka pembe zake ziwe kali tena. Kama hakikuwepo, kichimbwe: upana wa milimita 6 hadi 8, kina kama hicho, sentimita 1 hadi 2 kutoka ukingo wa mbele. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi ina faida kuliko kopo zima la rangi.

Kizingiti chenyewe lazima kiiname nje. Mwinamo wa 1 kwa 8 unatosha, maana yake kizingiti chenye upana wa milimita 100 kishuke kama milimita 12. Mwageni kikombe cha maji mtazame yanakokwenda. Yakisimama kwenye pembe au yakirudi kwenye fremu, hapo ndipo ugonjwa ulipo, na kiraka chochote kitakachowekwa kabla ya kurekebisha mwinamo kitaoza kama mbao ya kwanza. Tazameni pia plasta ya saruji iliyofunika ukingo wa mbao, na puti ya kioo iliyopasuka. Silikoni nayo husababisha uharibifu mwingi kwa nia njema. Zibeni juu na pembeni, maji yasiingie. Msizibe mshono wa chini kabisa, kwa sababu maji yanayopenya mahali pengine hutafuta kutokea pale, na mkiyafungia mlango yatabaki ndani ya mbao.

Kupima uozo hakuhitaji kifaa cha gharama. Chukueni bisibisi nyembamba au msumari ulionolewa, uchomekeni kwa mshazari kisha inueni. Mbao nzima hukataa, na ikikubali hutoa kibanzi kirefu kinachopasuka kwa sauti. Mbao iliyooza hukatika vipande vifupi, kimyakimya. Pimeni sentimita 20 za chini za kila ukanda wa wima, pembe zote mbili za kizingiti, kila kiungo cha ulimi na tundu, na mbao iliyo chini ya puti. Wekeni alama ya penseli pale ugumu unapoanza, kisha ongezeni sentimita 5 kuingia kwenye mbao nzima, maana kuvu huwa imetangulia mbele ya macho. Mkiona vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga mpya chini yake, mbao inabunguliwa na wadudu, na hilo litibiwe kwa dawa kabla ya useremala wowote. Chumvi za boroni hufaa kwa wadudu na kuvu pia, ila huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mbao iliyotibiwa nazo lazima ikauke kisha ifunikwe kwa rangi.

Kabla ya kukwangua, jambo moja ambalo silifanyii mzaha. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na kwingineko ziliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya hapo. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Msipige msasa mkavu, msitumie mashine ya msasa, msichome kwa moto wa gesi. Lowesheni rangi kwa maji ya kunyunyizia, kwangueni ikiwa imelowa, tandikeni plastiki chini, vaeni barakoa ya kuzuia vumbi laini (kitambaa hakisaidii), na taka zote zifungwe kwenye mfuko. Watoto na mama wajawazito wasiwe karibu hadi sakafu ifutwe kwa maji. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ukanda ukihitaji kutoka, usianze na mtaimbo. Kata kwanza rangi kwenye mshono kwa kisu kikali, pande zote mbili, la sivyo rangi itang'oka na vibanzi vya mbao na plasta. Ingiza paleti (kisu bapa cha kupakia puti) pana na nyembamba karibu na msumari wa kwanza, ingiza ya pili nyuma yake, na sukuma tindo katikati ya hizo mbili ili isiache alama. Legeza kidogo kwa kila msumari kutoka chini kwenda juu, usitafute kuutoa mwisho mmoja wote kwa pigo moja. Ukanda mkavu wa miaka mingi huvunjika hivyo. Misumari iliyobaki ndani ivutwe kwa koleo kutokea mgongoni. Ikigongwa kurudi mbele, kichwa cha msumari kitabomoa uso. Andika kwa penseli mgongoni ulitoka wapi: kushoto, kulia, juu, na upande upi ni wa chini. Kanda za dirisha la zamani hazibadilishani nafasi hata zikionekana sawa.

Sasa uamuzi. Mbao iliyopauka na kuwa na nyufa nyembamba juu juu haijaoza. Jua limeunguza uso wake, na rangi haishiki kwenye nyuzi zilizokufa. Ikwanguliwe na kupigwa msasa namba 80 kisha 120 mpaka rangi halisi ya mbao ionekane, ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, ndani ya siku chache. Mbao mpya au iliyosafishwa ikiachwa juani wiki tatu au nne, uso wake umeshaharibika tena, na rangi itakayopakwa juu yake itababuka mapema.

Uozo wa kina kifupi, chini ya theluthi moja ya unene, unaweza kutibiwa kwa epoksi ya mbao, ile inayochanganywa kwa sehemu mbili, utomvu na kigumishi. Ondoeni kila kilicholegea, mbao ikauke hadi unyevu wa asilimia 15 hivi, kisha nywesheni epoksi nyepesi ya kugandisha nyuzi, na kabla haijakauka kabisa jazeni ile nzito. Pale uozo unapoingia ndani, tobozeni vitundu vya milimita 5 kila baada ya sentimita 2 au 3, visitokeze upande wa pili, epoksi ipate njia. Makosa hapa ni manne, nayo hujirudia. La kwanza ni kumimina kwenye mbao mbichi, ambapo epoksi hufunga maji ndani. La pili ni kuongeza kigumishi ili ikauke upesi: uwiano ulioandikwa kwenye kopo, uwe 1 kwa 1 au 2 kwa 1, ni wa kikemia, na ukivurugwa epoksi hubaki laini daima. La tatu ni kuchanganya nyingi na kuiacha ndani ya kikombe. Hujipasha moto yenyewe, hufuka moshi na kuganda kabla ya kutumika. Changanyeni kidogo, mwageni kwenye kibao ienee. La nne ni kuiacha bila rangi, kwani jua huila epoksi. Na kabla ya kupaka, ioshwe kwa maji na sponji, maana nyingi huacha utando wa mafuta usoni ambao rangi haiushiki.

Puti ya kunyooshea magari si mbadala. Ni ngumu, haitanuki wala kusinyaa pamoja na mbao, na ufa wa unywele ukitokea ukingoni mwake maji yamepata mlango. Saruji ndiyo kabisa isisogezwe karibu na mbao. Unga wa msumeno na gundi nyeupe unafaa ndani ya nyumba, si nje.

Uozo ukipita unene wote, kama inavyokuwa mara nyingi kwenye ncha ya chini ya ukanda, msijaze. Kateni, muunge mbao mpya. Hapa mkato ndio kila kitu. Gundi haishiki vizuri kwenye ncha ya mbao, kwa sababu mirija huinywa na kuacha mshono mkavu, kwa hiyo mkato wa mraba hautafaa. Kateni mshazari wa nyuzi 45 kupitia unene wa ukanda, na muuelekeze hivi: mstari wa kiungo usoni uwe chini kuliko mgongoni, yaani mbao ya zamani ya juu iifunike mbao mpya ya chini, kama kigae cha paa kinavyokifunika kilicho chini yake. Maji yanayoshuka usoni yangelazimika kupanda ili yaingie. Ukigeuza mkato huo, umetengeneza funeli. Nimesisitiza kwa sababu mkato uliogeuzwa unaonekana mzuri vilevile siku ya kazi, na hakuna atakayejua mpaka kiungo kifunguke. Kwa sehemu inayobeba uzito, kama mwimo (mbao ya wima) wa fremu, mshazari uwe mrefu zaidi, 1 kwa 8: mwimo wenye unene wa milimita 40 unataka mkato wa milimita 320.

Mbao ya kuungia iwe ya mti uleule au unaofanana kwa ugumu, iwe kavu kama ya zamani, na nyuzi zielekee upande mmoja nayo. Chagueni mbao ya kiini cha mti. Ile nyeupe ya pembeni huoza upesi hata kwa miti yenye sifa ya kudumu. Mbao mbichi ikiungwa kwenye kavu itasinyaa na kuacha ngazi usoni. Kipande kiachwe kikubwa kwa milimita 1 au 2 kila upande, kisha kisawazishwe kwa randa baada ya gundi kukauka. Msaji una mafuta yake: pangusa mkato kwa asetoni kabla tu ya kupaka gundi. Gundi iwe isiyoyeyuka majini, epoksi au poliyurethani. Epoksi haitaki kukamuliwa sana, mshono ukibaki mkavu hauna nguvu. Poliyurethani ni kinyume, hutaka kubanwa barabara, kwani povu linalojaza nafasi halishikilii kitu. Iache imebanwa saa 24.

Kinachowakatisha mafundi tamaa ni umbo la uso wa ukanda, yale mawimbi na mabega ambayo hayauzwi tena. Haihitaji mashine. Chukueni kipande cha msumeno mkuukuu, upana wa sentimita 6 au 7. Ukanda wa zamani ukiwa umekatwa safi, bandikeni ncha yake kwenye bati hilo na mchore umbo kwa sindano. Chongeni kwa tupa ukingo ufuate mchoro kinyume, mahali penye kilima pawe bonde. Ukingo ubaki wa mraba kabisa, usinolewe kama kisu. Kipande kipya kwanza kipunguzwe kwa randa na patasi mpaka kikaribie umbo, kisha bati lishikwe kwa mikono miwili, liegemee mbele kidogo, livutwe kwa urefu wa nyuzi. Linapokata vizuri hutoa maganda membamba. Likitoa unga, ukingo umekufa, lirudi kwenye tupa. Likiruka na kuacha mabaka, mnavuta kinyume cha nyuzi. Geuzeni kipande. Bati hilohilo hufaa kusawazisha epoksi: ikiwa imeanza kukaza lakini bado laini kama jibini, mpitisho mmoja unaacha umbo kamili, na msasa unabaki kazi ndogo.

Kabla ya kurudisha ukanda, pakeni praima pande zote, mgongo nao, na ncha ya chini mara mbili au tatu mpaka iache kunywa. Ncha ikatwe sambamba na mwinamo wa kizingiti na ikae juu yake kwa mwanya wa milimita 3 hadi 5. Mwanya huo uachwe wazi. Wanaouziba kwa silikoni kwa kuuona ni kasoro wanarudisha maji palepale. Misumari iwe ya chuma kisichoshika kutu, na itobolewe njia kwanza ikiwa karibu na ncha. Chuma cha kawaida hutoa madoa meusi kwenye miti yenye tanini nyingi (ile kemikali ya asili ya mti), na kutu yake huvimba na kupasua mbao.

Kwenye kioo, mtaro wa mbao ambamo kioo hukaa upakwe praima kabla ya puti. Mbao kavu hufyonza mafuta ya kitani kutoka kwenye puti, nayo hugeuka unga. Puti ya mafuta ya kitani isubiriwe wiki moja au mbili mpaka ishike ngozi, ndipo rangi ipakwe, tena ivuke puti na kupanda kwenye kioo milimita 2. Mstari huo mwembamba ndio unaofunga mshono. Anayeukwangua kwa wembe ili kioo kionekane safi anaufungua tena.

Rangi ni praima moja na tabaka mbili nyembamba, zisipakwe jua likipiga moja kwa moja. Na mara moja kila mwaka, kabla ya msimu wa mvua, pitisheni bisibisi kwenye pembe za chini na kidole ndani ya kijifereji. Ufa mwembamba kwenye kiungo uchanwe kwa kisu, uachwe ukauke siku kadhaa za jua, kisha upakwe praima na rangi. Kama bisibisi itazama, weka alama ya penseli hapohapo na chukua msumeno, uozo ukiwa bado na urefu wa kidole.

Fundi seremala, msomaji wako